UZI: Kuchapa sanaa bila thina wala asidi kali, kwa vitu vinavyopatikana Kigoma

#1 Msharasi

Wakuu, uzi huu ni wa wanaochapa kwa mikono: mbao, lino (shiti laini la kuchonga), mabamba, fulana. Karakana nyingi za kwetu ni chumba kimoja, dirisha moja, watu sita hadi kumi, na humohumo kuna birika la chai. Sasa kila mada hii ikiletwa, watu wanakimbilia kuizungumzia asidi. Asidi anaitumia mtu mmoja, tena mara moja moja. Thina na petroli wanazitumia wote, kila jioni, kwa mikono mitupu. Mimi naanzia hapo, kwenye usafi.

Thina ya dukani kwa kawaida ina toluini na zailini. Petroli ina benzini, na benzini huleta saratani ya damu. Zote zinapenya kwenye ngozi, siyo kupitia pua peke yake. Halafu mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa chini ya meza. Ndiyo maana dirisha la juu halitoshi. Fungua mlango, weka feni mlangoni ipulize kutoka ndani kwenda nje, na kopo la kimiminika chochote kinachoshika moto lisiwe karibu na feni hiyo, maana mota na swichi hutoa cheche. Barakoa ya kitambaa, hata ile ya buluu ya hospitali, haizuii mvuke kabisa.

Ukweli ni kwamba wino wa mafuta hauhitaji thina. Unatolewa na mafuta yenzake, kisha mafuta yanatolewa na sabuni. Mpangilio ni huu:

1. Kwangua wino wote kwenye kioo kwa kikwangulio cha plastiki. Unaofaa rudisha koponi, uliobaki funga kwenye gazeti. Rola ipitishe juu ya gazeti mpaka isiache alama.
2. Mimina mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai kwa kioo cha ukubwa wa A4, nusu kijiko kwa rola. Sugua kwa tambara mpaka wino ulegee.
3. Futa kwa tambara kavu.
4. Weka sabuni ya maji ya vyombo, bila maji kwanza. Isugue ishikane na mafuta, ndipo upitishe kitambaa chenye unyevu. Ukitanguliza maji, mafuta yanakimbia tu huku na huku.
5. Ning'iniza rola. Ikilalia mpira wake inapata bapa, na bapa hilo litaonekana kwenye kila chapa kama mstari.

Wanaosema "mafuta ya kula yameharibu wino wangu" karibu wote wameruka hatua ya nne. Mafuta yakibaki kwenye rola, wino unaofuata unakataa kushika, unaona vidoa vyeupe. Au chapa inatoka safi, baada ya wiki karatasi inaota kivuli cha njano kuzunguka mchoro. Ubao wa mbao usiuoshe kwa maji, utavimba na mistari myembamba itafumba. Ukandamize na gazeti mara tatu nne, futa kwa tambara lenye mafuta kidogo sana, basi.

Matambara: yenye mafuta ya kitani au alizeti yakirundikwa kwenye kona yanaweza kujipasha moto yenyewe mpaka kuwaka. Yaanike moja moja nje, au yatie kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko.

#2 Binti_wa_Katonga

Shikamooni. Mawese je? Alizeti bei imesimama, na mawese hapa kwetu yapo kila nyumba.

#3 Msharasi

Marahaba dada. Mawese yanatoa wino vizuri tu, shida ni yale yanayobaki. Kwanza hayakauki: mafuta ya kitani yanageuka utando mgumu, alizeti yanajitahidi nusu, mawese yanabaki mafuta siku zote. Pili yana rangi, na rangi ile ikiingia kwenye lino au mbao itatokea kwenye karatasi. Tatu asubuhi ya baridi yameganda.

Kwa hiyo: kwenye kioo, visu na vyuma, tumia mawese kwa futo la kwanza, malizia na sabuni mara mbili. Kwenye rola, lino na mbao, alizeti. Na sabuni ya kienyeji ya mawese ndiyo bora kwa mikono: paka mafuta kidogo mikononi, ongeza sukari kijiko kimoja iwe ya kusugulia, kisha sabuni. Hakuna sababu ya mtu kunawa kwa petroli.

#4 Bamba_Tupu

Msharasi kafungua vizuri, mimi naingia kwenye mabamba.

Asidi ya nitriki iachwe. Inapokula chuma inatoa moshi wa kahawia, naitrojeni dioksaidi, na ubaya wa moshi huo ni kwamba mtu anaweza kukohoa kidogo, akaenda kulala, mapafu yakajaa maji saa nyingi baadaye. Karakana ya chumba kimoja haina mahali pa kuuweka.

Badala yake: bamba la aluminiamu, mrututu (kopa salfeti), chumvi.

Mabamba. Waulize mafundi wa madirisha ya aluminiamu vipande vya shiti, au wenye mitambo ya kuchapia ya ofseti mabamba waliyokwisha tumia. La ofseti ni jembamba, kama milimita 0.3 au chini yake, tumia upande wa nyuma. Lisuguliwe kwa msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1200. Kingo zipigwe tupa mpaka zilale, la sivyo zitakata karatasi. Ondoa mafuta kwa sabuni ya maji na majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, suuza haraka. Kipimo: maji yakitanda juu ya bamba kama shuka moja, ni safi. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia. Likishakauka lipake kinga, yaani utando unaozuia dawa, kisha chora kwa sindano mpaka chuma kionekane.

Dawa. Kwa lita moja ya maji: mrututu gramu 75, chumvi gramu 75. Anayeanza achanganye gramu 50 kwa gramu 50, inakula polepole, anapata muda wa kuona. Chumvi ya Uvinza inatosha kabisa, yenye madini joto au isiyo nayo. Yeyusha mrututu kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, halafu chumvi. Rangi itahama kutoka buluu ya anga kwenda kijani, ni sawa, usishtuke. Beseni liwe la plastiki. Mtu akichanganyia kwenye sufuria ya aluminiamu, ataliwa sufuria.

Kwa nini chumvi? Aluminiamu ina ngozi ngumu ya oksaidi juu yake. Mrututu peke yake utaligusa bamba hilo muda mrefu bila kufanya la maana. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi ndiyo inayotoboa ngozi hiyo, ndipo shaba ya kwenye mrututu inabadilishana nafasi na aluminiamu.

Ukilizamisha bamba, angalia kwa karibu. Kwanza viputo vidogo kama vya soda kwenye mistari uliyochora. Mara mistari inageuka kahawia, halafu inaota kitu kama kuvu nyekundu, laini, inayonyanyuka. Hiyo ni shaba. Ukiiacha inaziba mstari, dawa mpya haifiki chini, mstari unaliwa kwa ubavu na kuwa na kingo za kumeguka. Ifagie kila baada ya nusu dakika kwa unyoya wa kuku, taratibu, bila kusugua. Brashi ngumu inang'oa kinga.

Viputo ni haidrojeni, inashika moto, na vinarusha chembe za dawa hewani. Fanyia nje chini ya mti au baraza, hakuna sigara wala jiko karibu. Miwani ya kukinga macho ni lazima, kwa sababu mrututu ukiingia jichoni unaharibu kweli. Glavu za mpira. Vyombo vya dawa visirudi jikoni kamwe.

Muda usiuulize mtandaoni, upime. Kata kipande cha bamba lilelile, kipake kinga ileile, chora mistari, kitie kwenye dawa: dakika 1, toa, suuza, ziba robo kwa kinga, rudisha mpaka ya 2, ziba robo nyingine, halafu ya 4, halafu ya 8. Kichape. Hicho ndicho kipimo chako. Mtu anayechora Liemba bandarini, kwa mfano, moshi atauziba kwenye dakika ya kwanza na tumbo la meli ataliacha mpaka ya nane. (Na jina ubavuni liandikwe kinyume, watu wanasahau mpaka chapa ya kwanza itoke ABMEIL.)

Dawa ikipata joto hadi unalihisi nje ya beseni, toa bamba. Joto linaharakisha kazi, kazi inaleta joto zaidi, mwisho kinga inabanduka. Ndiyo maana usifinye dawa: bamba la A5 lipewe lita mbili, siyo nusu lita.

Sehemu kubwa zisizo na kinga zinatoka na mkwaruzo wa asili unaoshika wino na kuchapa kijivu hadi cheusi. Hapo umeshaepuka vumbi la rosini, lile la kunyunyiza bambani na kuyeyusha kwa moto ili kupata kijivu. Vumbi hilo huleta pumu, na ndani ya kisanduku kilichofungwa linaweza kulipuka.

Wenye mabamba ya shaba watumie feriki kloraidi, ile ya mafundi wa saketi. Mwaka 1997 Friedhard Kiekeben, kule Edinburgh, Uskoti, aliiongezea asidi ya limau: sehemu 4 za feriki kloraidi ya asilimia 40, sehemu 1 ya maji yenye asidi ya limau (unga kipimo 1, maji 3). Asidi hiyo inayeyusha tope linalotuama kwenye mistari, kwa hiyo bamba linalazwa uso juu. Ukinunua ya unga, unga ndio uingie kwenye maji, kidogokidogo, maana inachemka na kutoa mvuke mkali. Na usiweke aluminiamu kwenye feriki. Itachemka mkononi.

#5 Mchora_Ujiji

Mkuu Bamba, kwenye duka la pembejeo nimepewa "blukopa", wanasema ni kitu kimoja na mrututu. Na bati la kuezekea linafaa? Vipande vipo vingi.

#6 Bamba_Tupu

Si kitu kimoja. Dawa nyingi za ukungu za kahawa na nyanya ni kopa oksikloraidi: unga wa kijani au buluu hafifu, hauyeyuki, unatuama chini kama chokaa. Mrututu ni chembe kama sukari guru ya buluu iliyokolea, na ukiutia kwenye maji unapotea wote, maji yanabaki maangavu. Jaribu kijiko kimoja kwenye glasi kabla hujanunua kilo. Lebo iseme kopa salfeti.

Bati hapana. Ni chuma chenye utando mwembamba wa zinki, mwingine zinki na aluminiamu. Dawa inamaliza utando kwa haraka, inafika kwenye chuma, unapata tabaka mbili zinazoliwa kwa mwendo tofauti. Na lile la migongo hulinyooshi hata ufanyeje.

#7 Mwalo_Kibirizi

Hayo yote mazuri, lakini hamjasema dawa ikichoka inakwenda wapi. Kigoma ni mteremko. Kinachomwagwa mtaa wa Mwanga, mvua ya kwanza kinateremka ziwani. Shaba kidogo tu kwenye maji inaua samaki wachanga na vijidudu wanavyokula. Dagaa na migebuka hawana habari na sanaa yenu.

#8 Bamba_Tupu

Una haki mkuu, nilitaka niiweke peke yake.

Usimwage mferejini, kwenye choo cha shimo, wala shambani. Fanya hivi:

Kwanza imalize nguvu. Tia vipande vya aluminiamu visivyo na kazi kwenye dawa ile, nje, beseni lisifunikwe kabisa ili haidrojeni itoke. Lita moja ya dawa mpya ya gramu 75 inamalizwa na aluminiamu isiyozidi gramu 6, kwa hiyo kopo moja la soda lililokatwakatwa linatosha na kubaki, mradi ulisugue kwa msasa kutoa rangi nje na utando wa ndani. Tia kipande kimoja kimoja, usitie vyote kwa pamoja, itachemka. Acha mpaka kesho. Rangi inapotea, shaba yote inakaa chini kama unga wa kahawia.

Pili, magadi. Yayeyushe kwenye maji, ongeza kidogokidogo huku ukikoroga mpaka povu likome. Kama hukupitia hatua ya aluminiamu, lita ya dawa mpya itataka magadi safi kama gramu 40. Ya mawe ya sokoni hayako safi, nenda hata 60 na zaidi. Tope la kijanikibuluu linashuka, ndiyo shaba yenyewe.

Tatu, iache usiku mzima, chuja maji ya juu kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne. Kabla hujayamwaga yapime: dondosha magadi yaliyoyeyushwa. Yakifanya wingu la kijanikibuluu, shaba bado imo, rudia. Kipimo kingine kabla ya magadi ni msumari uliosuguliwa uking'aa: uzamishe dakika kumi, ukitoka na ngozi nyekundu, bado.

Tope likaushwe, liwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko na maandishi, mbali na watoto. Lita kumi za dawa zinaacha tope la kujaza makopo machache tu, linakaa miaka kabla ndoo haijajaa. Ikijaa, ulizeni wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC) utaratibu wa taka hatarishi, msiitupe dampo.

#9 Fulana_Mwanga

Wakuu, sisi wa fulana mmetusahau, na sumu mbaya kuliko zote iko kwetu. Ile dawa ya chungwa inayochanganywa na gundi kushika picha kwenye fremu ya neti ni daikrometi. Ndani yake kuna kromiamu ya aina inayoleta saratani. Kwenye ngozi inatoboa vidonda vidogo vya mviringo visivyopona upesi, na mwili ukishaikataa mara moja unaikataa maisha yote. Vijana wanaipaka kwa vidole.

Ombeni emalshani (gundi inayoshika picha kwa mwanga) ya diazo, au ile iliyokwisha tiwa dawa kiwandani. Ya diazo inakuja na kichupa cha unga: jaza maji kichupa, tikisa, mimina kwenye kopo, koroga, acha saa kadhaa mapovu yatoke. Andika tarehe. Ikishachanganywa inadumu wiki chache tu kwenye joto la kawaida, kwenye friji inafika miezi mitatu hivi. Iliyotiwa dawa kiwandani inaiva kwa mwanga haraka sana kuliko diazo, usitumie muda uleule.

Paka nyuma mara moja, mbele mara moja, fremu ilale upande wa kuchapia ukiwa chini, kwenye giza, ikauke kabisa. Emalshani yenye unyevu inaonekana kavu, ukiiosha inamomonyoka pembeni mwa picha. Taa iwe ya njano.

Jua la Kigoma ni taa ya bure lakini halina adabu, wingu likipita umepoteza. Pima kwa hatua: funika picha kwa kadibodi, ivute kidogo kila sekunde 20 mpaka 160, osha, tazama ni hatua gani mistari myembamba imefunguka na emalshani haitelezi kwa kidole. Fanya kipimo hicho saa ileile utakayofanyia kazi. Muda wa saa sita mchana haufai kwa saa kumi.

Tumieni wino wa maji badala ya plastisoli (wino wa plastiki), na hakuna thina tena kwenye karakana. Kero yake ni kukauka ndani ya neti, hasa Juni hadi Septemba upepo ukiwa mkavu. Kila ukimaliza kuchapa, rudisha skwiji (kikwangulio cha mpira cha kusukumia wino) ujaze neti wino kabla hujanyanyua fulana nyingine. Glisirini kidogo kwenye wino inachelewesha, vijiko viwili vya chai kwa nusu lita. Ukizidisha haukauki hata kwenye fulana. Tambara lenye maji liwe karibu. Neti ikishaziba, osha palepale, usiseme nitamaliza hizi tano.

Kupasha ili wino ushike: piga pasi upande wa ndani wa kitambaa, dakika tatu hadi tano kila sehemu. Ya mkaa inafaa ila iwashwe na kutumiwa penye hewa, moshi wake usioonekana unaua.

#10 Mchora_Ujiji

Kufuta emalshani ya zamani kwenye fremu, Jik pamoja na siki inatoa haraka. Naona wengi wanafanya hivyo.

#11 Fulana_Mwanga

Acheni leo. Jik ikikutana na siki, ndimu au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini. Jik peke yake inalegeza baadhi ya emalshani, polepole. Inayofaa ni dawa ya kufutia yenye sodiamu metaperiodeti: paka pande zote, subiri dakika moja mbili, isikaukie, ikikauka emalshani inaganda moja kwa moja na fremu imekwisha. Kisha maji ya nguvu. Na kwa kazi ya fulana ishirini thelathini, hata emalshani ya nini? Kata stensili ya karatasi, ipake nta, wino wenyewe utaigandisha kwenye neti.

#12 Nyuki_Tabora

Nta imetajwa, basi Tabora tupo. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Iyeyushwe kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji, kamwe isiwe juu ya mkaa moja kwa moja. Ikishika moto, funika. Ukimwaga maji inalipuka juu yako. Stensili ichovywe haraka na kuning'inizwa, nta nene inameguka.

Kwenye mabamba, nta naitumia mgongoni na kwenye kingo tu, isiliwe kule kusikotakiwa. Kwa kinga ya mbele watu wengi bado wanatumia lami na rosini, yenye moshi. Rangi ya akriliki ya maji inafanya kazi: paka mikono miwili myembamba, kila mmoja ukauke, chora siku hiyohiyo. Ikikaa inakuwa kama ngozi, sindano inaivuta badala ya kuikata. Ukitaka alama laini za kitambaa au jani, viringisha wino wa mafuta tabaka jembamba, weka jani, kandamiza, nyanyua, tia kwenye dawa.

Kuiondoa akriliki: bamba la shaba, magadi ya moto. Bamba la aluminiamu, *siyo magadi*, yanaliunguza na kulitia weusi. Tumia spiriti ya kuwashia jiko, nje, kwa tambara.

Na wachongaji wa mninga, vumbi lake linawasha pua na kifua. Kuchonga kwa patasi hakuna neno, ila msasa na mashine vinataka barakoa halisi ya vumbi na kufuta kwa kitambaa chenye maji, msifagie kavu.

#13 Mchora_Ujiji

Mashine ya kukandamizia je? Kuna aliyependekeza ile ya kukamulia miwa.

#14 Msharasi

Rola za miwa zina meno, zitaandika meno yake kwenye kila chapa. Na juisi watu wanakunywa.

Fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya chuma cha chaneli, jeki ya chupa ya tani 10, mabamba mawili ya chuma ya milimita 12. Piga hesabu: A5 ni sentimita za mraba 311, kwa hiyo unapata kama kilo 32 kwa kila sentimita ya mraba. A4 unabaki na 16. Kwa mbao na lino 16 inazidi mahitaji. Kwa bamba lililoliwa, ambapo karatasi inapaswa kuingia ndani ya mstari, bakia A5, weka blanketi la sufi mara mbili juu, karatasi iwe imelowekwa dakika kumi na kukaushwa maji ya juu kwa taulo. Jeki iwekwe katikati kabisa. Ikienda upande, kona moja inatoka nyeusi na nyingine kama haikuchapwa.

#15 Binti_wa_Katonga

Asanteni sana. Kwa wanafunzi wa sekondari, ambao mrututu sitaki waushike, mtu aanze na nini?

#16 Bamba_Tupu

Pakiti za maziwa na juisi, zile zenye karatasi ya fedha ndani. Zifungue, zioshe kwa sabuni, zikaushwe. Upande wa fedha ndio bamba. Wachore kwa sindano iliyochomekwa kwenye kijiti, au msharasi wa fundi viatu kwa mistari minene. Sehemu inayotakiwa iwe nyeusi, wakate utando kwa juu na kuubandua: karatasi iliyo chini inanywa wino wote. Mikunjo ya pakiti nayo itachapa mistari, waipange ndani ya picha.

Wino upakwe kwa kadi, ufutwe kwa shashi ya hospitali iliyotiwa wanga na kukauka, kwa duara, bila kukandamiza. Chandarua kisitumike kufutia, vingi vina dawa ya mbu. Mwisho pitisha gazeti. Karatasi yenye unyevu, kwenye jeki ya Msharasi, au mgongo wa kijiko kama hakuna jeki. Pakiti moja inatoa chapa kumi, ikizidi ishirini mistari imeshalala. Usafi ni mafuta kidogo na sabuni, na pakiti yenye sehemu zilizobanduliwa isioshwe kwa maji, futa tu.

#17 Binti_wa_Katonga

Mistari inatoka hafifu sana, kama kivuli.

#18 Bamba_Tupu

Karatasi ni kavu au wamefuta kupita kiasi. Jaribu kwanza karatasi: igusishe shavuni, iwe baridi lakini isikulowanishe.